Sumaku Kwenye Bulo ya Vidanji

Chembe za chuma huzaliwa ndani ya injini yenyewe. Ringi za pistoni husugua ukuta wa silinda, meno ya gia husagana, kamu hupiga roka, na kila mguso huacha unga mwembamba ambao mafuta huuchukua na kuuzungusha. Sumaku ikikaa mahali mafuta yanapopita au kutulia, kama kwenye bulo ya vidanji, yaani skrubu ya kuziba tundu la kumwagia mafuta, hunasa sehemu ya unga huo usirudi tena kwenye beringi. Jambo hili si geni. Injini za ndege huwekewa vizibo vya sumaku ambavyo fundi huvichomoa na kuvikagua kwa ratiba, na gari la Toyota lenye gia otomatiki huwa na sumaku bapa zilizolala ndani ya sinia ya mafuta, ingawa wenye magari wengi hawajawahi kuziona. Huko Goma, mji ambako pikipiki hubeba abiria, magunia ya makala na hata wagonjwa, kifaa hiki kina kazi ya pili ambayo kwa kweli ndiyo ya kwanza: kumwonyesha fundi, kila mafuta yanapomwagwa, yanayotokea mahali asipoweza kufikisha jicho.

Sumaku huvuta chuma, nikeli na kobalti, basi. Ndani ya injini, maana yake ni ringi, ukuta wa silinda ya chuma, krenki, kamshafti, gia, mnyororo wa kamu na gololi za beringi. Pistoni ni ya alumini, haivutwi. Karteri ya pikipiki ni alumini pia. Bushi za shaba, magamba ya beringi yenye risasi na bati, unga wa sahani za klachi, masizi: vyote hivyo hupita mbele ya sumaku kana kwamba haipo. Injini inaweza kuwa inaila pistoni yake huku sumaku ikitoka safi, na mwenye pikipiki asiyelijua hilo hupata amani ya uongo.

Upande wa pili kuna kitu ambacho sumaku hukivuta ingawa hakikutoka kwenye injini, na hapa Goma ina jambo lake. Lava ya volkano ya Nyiragongo imejaa chembe ndogo za madini meusi ya chuma na titani, jamii ya magnetaiti, ambazo sumaku huzipenda kama inavyopenda msumari. Anayetaka kuhakikisha afunge sumaku ya spika ndani ya kipande cha karatasi na kuiburuta kwenye mchanga mweusi wa kando ya barabara. Baada ya hatua chache karatasi huota nywele nyeusi zilizosimama wima. Mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 ulileta lava hadi katikati ya mji na kuingia ziwani, na tangu wakati huo mwamba huo umevunjwavunjwa kuwa kokoto, matofali ya ukuta na kifusi cha barabara. Vumbi linalopulizwa na magurudumu wakati wa kiangazi ni lava iliyosagwa. Kwa hiyo punje nyeusi kwenye sumaku ya Goma inaweza kuwa gia inayokufa, au mlima tu.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Chembe za injini zina rangi ya kijivu yenye mng'ao hafifu, na zikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe huacha doa laini kama la risasi ya penseli. Punje za lava ni nyeusi zilizofifia, zina pembe, na hukwaruza zinaposuguliwa. Ikibaki shaka, punje huwekwa juu ya chuma bapa na kugongwa na nyundo: lava husagika kuwa unga, chuma hubonyea au hubaki kipande kizima. Matokeo yakiwa lava, hiyo si habari njema hata kidogo. Vumbi la mwamba linapita kwenye kichujio cha hewa, au kwenye mpira uliopasuka kati ya kichujio na kabureta, au kwenye kifuniko cha kutilia mafuta kilichopoteza oringi yake. Vumbi hilo husaga ringi na silinda kwa kasi kuliko jambo lolote jingine, na sumaku haina uwezo wa kulizuia. Kuna maelezo mepesi zaidi ya kuondolewa kwanza: bulo iliwekwa chini wakati wa vidanji. Bulo yenye sumaku haiwekwi chini Goma, hata kwa dakika moja.

Nguvu ya sumaku hupungua haraka mno kadiri chembe inavyokuwa mbali, na milimita chache tu zinatosha kuifanya isifue dafu. Ukubwa wa chembe nao una neno. Chembe yenye upana wa mikroni 100, iliyozidi kidogo unene wa unywele, ina ujazo mara 1,000 wa chembe ya mikroni 10. Mvuto wa sumaku hufuata ujazo, ilhali ukinzani wa mafuta hufuata upana tu. Ukipimwa mvuto dhidi ya ukinzani, chembe ndogo ni dhaifu mara 100. Ndiyo maana sumaku hunasa vipande vikubwa kwa urahisi, na vidogo hunaswa kwa bahati na kwa kurudia. Bahati hiyo hata hivyo si ndogo. Pampu huzungusha lita moja ya mafuta ya pikipiki tena na tena kila dakika, na chembe iliyoponyoka asubuhi itapita mlango uleule mara nyingi kabla ya jioni. Injini ikizimwa usiku, zilizo nzito hushuka zenyewe hadi chini, ilipo bulo.

Faida ya sumaku hutegemea injini ina chujio gani. Gari lenye chujio la karatasi la kufunga kwa mkono tayari limelindwa dhidi ya chembe za mikroni 30 au 40 na kuendelea, na sumaku huongeza kidogo tu. Pikipiki ni habari nyingine. Injini nyingi za Kichina zimeigwa kutoka Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na muundo ule hauna karatasi: una wavu wa waya, na kikombe kinachozunguka pamoja na krenki na kuutupa uchafu pembeni. Zaidi ya hayo, mafuta yaleyale lita moja hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Kipande cha jino la gia kilichokatika hukaa nyumba moja na beringi ya krenki. Mahali pa namna hiyo sumaku inastahili bei yake.

Jenereta ndogo za petroli zinazonguruma nje ya maduka umeme ukikatika ni mfano ulio wazi zaidi. Nyingi ni nakala za Honda GX160, injini inayobeba takribani lita 0.6 za mafuta, isiyo na pampu wala chujio lolote la mafuta. Kijiko kidogo kilicho kwenye koneti rodi hurusha mafuta kila upande, na uchafu wote hubaki humohumo hadi siku ya kumwagwa. Kitabu cha injini hiyo husema mafuta ya kwanza yamwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Saa 20 hizo za mwanzo ndizo hutoa chuma kingi kuliko kipindi kingine chochote, na mwenye duka anayesubiri mafuta yawe meusi kabla ya kuyamwaga huwa ameshaisagisha injini mpya kwa unga wake wenyewe.

Gia boksi za kawaida na difu za magari pia hazina chujio, na ndiyo sababu viwanda vingi huweka sumaku kwenye bulo zao tangu mwanzo. Fundi anayemwaga mafuta ya difu ya Land Cruiser na kukuta tope zito la kijivu limeganda kwenye bulo hana haja ya kushtuka. Baada ya makumi ya maelfu ya kilomita tope hilo ni la kawaida, mradi liwe laini.

Kuhusu sumaku yenyewe, zinazopatikana ni za namna mbili. Ferraiti, ile nyeusi ya mviringo itokayo kwenye spika za redio, ni dhaifu lakini huvumilia joto la nyuzi 200 bila taabu. Neodimiamu, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani karibu kwa wakati mmoja, inang'aa kama fedha, hutolewa kwenye diski za kompyuta zilizokufa, na nguvu yake hushangaza kwa umbo lake dogo. Udhaifu wake ni joto. Ya daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja inapozidi nyuzi 80, na mafuta ya injini inayopozwa kwa hewa huvuka nyuzi 100 kwa urahisi pikipiki inapopandisha vilima vya Masisi na abiria wawili na mzigo. Neodimiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya joto huandikwa herufi za daraja: SH huvumilia hadi nyuzi 150. Isiyojulikana daraja lake ichukuliwe kuwa ya nyuzi 80. Samariamu-kobalti hufika nyuzi 300, lakini ni ghali na si rahisi kukutana nayo gereji. Zote hizi ni ngumu lakini huvunjika kwa pigo kama kigae. Hazitobolewi kwa drili, na ikivunjika moja, vipande vyake vina makali ya kuingia jichoni.

Njia salama ya kuipata ni kununua bulo ya vidanji iliyotengenezwa na sumaku ndani yake. Bulo ya zamani huchukuliwa mkononi hadi dukani na kulinganishwa uzi kwa uzi, kwa kuwa kipimo cha M12 kina zaidi ya aina moja ya uzi: nyingi za pikipiki hutumia 1.5, za Toyota hutumia 1.25, na ya 1.25 ikilazimishwa kwenye tundu la 1.5 alumini hung'oka. Urefu pia hupimwa. Bulo mpya ikizidi ile ya zamani kwa milimita kadhaa, ncha yake inaweza kugusa gia au kuziba mlango wa mafuta. Baadhi ya pikipiki hazina bulo ya kawaida bali kizibo kikubwa chenye springi na wavu ndani. Hapo sumaku haichomekwi popote, kwa sababu nafasi hiyo ni ya wavu.

Mafundi wengi hutengeneza yao wenyewe. Bulo ya chuma hubanwa kwenye mashine ya kuchonga, hutobolewa tundu lisilotokea upande wa pili, na sumaku ndogo hupachikwa. Kazi hii hufanikiwa kwa masharti. Ukuta wa bulo uliobaki uwe mnene wa kutosha kukazwa bila kukatika. Sumaku isizame yote, maana chuma kinachoizunguka humeza nguvu yake. Ijitokeze milimita mbili au tatu. Iingie kwa kubana, kisha mdomo wa tundu ugongwegongwe uikumbatie. Gundi peke yake ni kamari: gundi ya haraka inayouzwa kwenye vichupa vidogo hulainika karibu na nyuzi 80, na sumaku iliyolegea ndani ya karteri itatembea hadi ikutane na gia, halafu kilichowekwa kulinda injini ndicho kitakachoivunja.

Siku ya vidanji injini huwashwa dakika tano ili mafuta yawe mepesi na yainue uchafu uliolala. Pikipiki husimamishwa wima kwenye stendi ya kati. Eneo lote la bulo husuguliwa na brashi na kufutwa kabla ya kufunguliwa. Vumbi likibaki pale litajishika kwenye sumaku bulo inapotoka, na usomaji wote utaharibika. Chini huwekwa beseni jeupe la plastiki, au la bati lenye rangi nyeupe. Bulo hutolewa polepole ikielekezwa juu, mafuta yakachuruzika, kisha huwekwa juu ya karatasi safi.

Hapo ndipo penye kazi. Kitu cha kwanza kuonekana kwenye sumaku ya injini yenye afya ni ndevu fupi laini za kijivu, zilizolowa mafuta, zisizo na umbo. Zikibanwa kati ya kidole na gumba hazikwaruzi. Huhisiwa kama unga wa ngano uliolowa. Hizo ni za kawaida. Injini mpya, au iliyotoka kubadilishiwa ringi na silinda, hutoa nyingi zaidi kwenye vidanji ya kwanza na ya pili, na pengine vijisindano viwili vitatu. Kipindi hicho cha rodaji kikipita zinapaswa kupungua. Zikiongezeka badala ya kupungua, kichujio cha hewa ndicho cha kufunguliwa kwanza.

Vipande vinavyoonekana bila kutafutwa ni jambo jingine. Magamba bapa yanayong'aa kama ya samaki mdogo mara nyingi ni uso wa beringi au jino la gia unaobanduka. Vijisindano virefu vilivyojikunja ni chuma kinachokatwa na chuma. Kipande chenye pembe na umbo linalotambulika, pembe ya jino kwa mfano, kina maana injini isiwashwe tena hadi ifunguliwe. Kugusa kwa kidole kitupu si busara hapa. Vijisindano huingia kwenye ngozi, na sumaku iliyobaki kwenye bulo haiwezi kuvitoa humo.

Kisha beseni hupelekwa juani na kuinamishwa. Mafuta yanapotembea juu ya weupe, kile ambacho sumaku haikukivuta hujitokeza: mng'ao mweupe wa alumini kutoka kwenye pistoni au nyumba ya klachi, mng'ao wa manjano kutoka kwenye bushi. Kidogo cha alumini katika pikipiki ya kazi hakitishi. Mafuta yanayometameta yote kama rangi ya kucha yanatisha. Hatua hii ya beseni hurukwa na wengi kwa haraka ya kurudi barabarani, nayo ndiyo inayoziba pengo la sumaku.

Bulo hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kilichong'ang'ania huondolewa kwa utepe wa gundi: unabandikwa, unabanduliwa, na chembe zote zinatoka nao. Utepe huo haufai kutupwa. Ukibandikwa kwenye ukurasa wa daftari na kuandikwa tarehe na kilomita, baada ya vidanji tano au sita daftari litakuwa limesema zaidi ya sikio la fundi yeyote, kwa kuwa wingi wa siku moja hauna maana kubwa kama mwelekeo. Kwa pikipiki ambayo saa yake ya kilomita ilikufa zamani, na Goma hizo ni nyingi, huandikwa idadi ya wiki za kazi. Siku hiyohiyo sumaku hujaribiwa: ikiwa iliweza kuinua spana fulani miezi sita iliyopita na leo inaiangusha, joto limeshaila, ibadilishwe. Rondela nayo huwekwa mpya, na bulo hukazwa kwa kiasi cha nyutoni-mita 25 au kitabu kinavyosema. Pasipo kipimo, spana fupi na mkono mmoja vinatosha. Nyuzi za alumini zilizong'oka kwa ubabe ni hasara kubwa kuliko tone linalovuja.

Wapo wanaobandika sumaku nje. Kwenye chujio la gari lenye kopo la chuma hufanya kazi kiasi, ingawa kopo lenyewe humeza nguvu nyingi. Chembe hukusanyika kwenye ukuta wa ndani na hutupwa pamoja na chujio. Sumaku hiyo haiondolewi kabla ya siku ya kubadilisha chujio, la sivyo tonge zima la chembe huachiliwa kwa mpigo, na injini ikiwa baridi vali ya dharura ya chujio inaweza kulipitisha. Kwenye karteri ya alumini sumaku haishiki, na ikifungwa kwa waya hudondoka kwenye mashimo ya kwanza. Isiwekwe pia karibu na kihisi cha krenki, ambacho chenyewe hutegemea sumaku kujua injini iko wapi.

Muuzaji akidai kwamba mwenye sumaku anaweza kukaa na mafuta mara mbili ya muda wake, dai hilo halina msingi. Mafuta huchoka kwa joto, masizi, petroli inayochuruzika ndani na viungo vyake vinavyokwisha. Chuma ni sehemu tu ya hesabu. Muda wa kumwaga hubaki uleule. Kadhalika aina ya mafuta: injini ambayo klachi yake huogelea humo huhitaji mafuta yenye alama ya JASO MA, na sumaku haigeuzi ya gari kuwa ya pikipiki.

Mafuta yaliyomwagwa huingia kwenye bidoni yenye kifuniko na kupelekwa kwa anayeyakusanya. Ardhi ya Goma ni mwamba wenye nyufa usiozuia kitu; kinachomwagwa nyuma ya gereji hushuka kuelekea Ziwa Kivu, na maji ya bomba ya mji huu huvutwa kutoka ziwa hilohilo. Vitambaa vilivyofutia bulo huwekwa mbali na jiko na vyombo vya petroli, na vile vyenye vijisindano havifuliwi kutumika tena, kwa sababu safari ijayo vitafuta mkono wa mtu au kioo cha taa.